Nahodha Aliyebaki: Uchambuzi wa Kisa cha Mchezaji wa Kikapu wa Ugiriki na Klabu Yake ya Misimu 18

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha mwanamke aliyecheza mpira wa kikapu nchini Ugiriki kwa misimu 18, yote katika klabu ya mtaani kwao. Jina lake, klabu, jiji, namba ya jezi na kila kitu kinachoweza kumtambulisha yeye au viongozi wake vimeondolewa. Hapa ataitwa nahodha tu, kwa kuwa ndicho cheo alichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya wachezaji, makocha na viongozi wa klabu ndogo, watu ambao kila mwaka huamua nani abaki na nani aende, mara nyingi kwa mazungumzo ya dakika chache ukingoni mwa uwanja.

Niweke msimamo wangu wazi mapema. Wapo wanaosema kubaki kwake kulikuwa ujinga. Mimi sikubali. Tatizo ninaloliona ni kwamba uaminifu wake uliachwa ufanye kazi ya mkataba, na kazi hiyo uaminifu hauiwezi.

Mazingira

Ugiriki ni nchi ya kikapu. Tarehe 14 Juni 1987 timu ya taifa ya wanaume iliifunga Umoja wa Kisovieti 103–101 katika fainali ya Ulaya iliyokwenda hadi muda wa nyongeza, mjini Piraeus, na Nikos Galis akafunga pointi 40. Kizazi kizima cha watoto kilikua kikisimuliwa mchezo ule. Nahodha wetu alizaliwa mwaka uliofuata.

Wanawake nao wana historia ya kujivunia. Klabu ya Sporting ya Athens ilitawala ligi yao kwa miongo. Katika Olimpiki ya Athens ya 2004 timu ya taifa ya wanawake ilimaliza ya saba. Kwenye mashindano ya Ulaya ya 2009 ikawa ya tano, na mwaka 2017, ikiongozwa na mchezaji Evina Maltsi, ikafika nusu fainali na kumaliza ya nne. Mwaka 2010 klabu ya Athinaikos ilitwaa Kombe la Ulaya la EuroCup, ikawa klabu ya kwanza ya kikapu cha wanawake nchini humo kuleta taji la Ulaya.

Anayesoma orodha hiyo anaweza kudhani kuna ligi ya kulipwa nyuma yake. Haikuwepo. Timu kubwa za wanaume huendeshwa na kampuni za michezo. Timu za wanawake, hata zile za daraja la juu, zimebaki chini ya vyama vya michezo vya wanachama, na sheria namba 2725 ya 1999, inayotenganisha michezo ya ridhaa na ya kulipwa, iliziacha upande wa ridhaa. Maana yake kwa mchezaji ilikuwa nzito. Alifanya mazoezi karibu kila siku, akasafiri kila wiki ya pili, lakini kisheria hakuwa mwajiriwa wa mtu. Hakukuwa na michango ya pensheni wala bima ya ajali kazini. Pesa aliyopewa iliitwa posho au nauli. Kadi yake ya usajili ilishikwa na klabu, na kuhama bila ridhaa ya klabu kulikuwa safari ndefu.

Klabu yenyewe ilikuwa ya kawaida: ukumbi wa manispaa uliogawanywa kwa zamu, wasichana wa kikapu wakiingia usiku baada ya timu ya voliboli kutoka, mdhamini mmoja wa kampuni ya ujenzi, ruzuku kidogo ya manispaa, na kamati ya watu wazima waliojitolea, waliochaguliwa na wanachama na ambao wangeweza kuondolewa na wanachama haohao.

Mfuatano wa mambo

Alianza akiwa na miaka tisa. Akiwa na 16, mwaka 2004, aliingia timu ya wakubwa kama mlinzi anayepanga mchezo. Hakuwa mfungaji wa kutisha. Sifa yake ilikuwa kuona pasi kabla mpokeaji hajajua kwamba yuko huru, na kuzungumza muda wote wakati wa kukaba. Alipofika chuo cha elimu ya viungo katika jiji hilohilo, tayari timu ilikuwa inacheza kwa mdundo wake.

*Uamuzi wa kwanza, 2009.* Klabu kubwa zaidi ilimtaka. Ilicheza mashindano ya Ulaya na ilikuwa na wachezaji wawili wa Kimarekani. Alikataa. Alikuwa na sababu tatu: alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa masomo, kocha wake alikuwa akimpa dakika zote za mchezo, na klabu yake ilimwahidi posho kubwa zaidi pamoja na nafasi ya kuongoza shule ya kikapu ya watoto siku atakapostaafu. Ahadi ilitolewa mezani, mwenyekiti na mhazini wakiwepo. Hakuna aliyeiandika.

*Uamuzi wa pili, 2012.* Mwaka 2010 nchi iliingia katika mkopo wa masharti, na kufikia 2013 zaidi ya robo ya nguvu kazi ilikuwa haina ajira. Sekta ya ujenzi ilianguka, na mdhamini akaondoka nayo. Kati ya malipo tisa ya msimu mmoja, nahodha alipata manne. Wachezaji wa kigeni walikwenda makwao kwa Krismasi na hawakurudi. Baada ya kodi ya mafuta ya kupasha joto kupandishwa vuli ya 2012, maji ya moto ukumbini yalikatwa, na wasichana wakawa wanarudi nyumbani usiku wa Januari na jasho mwilini, kofia za sufu zimefunika nywele zilizolowa.

Hapo ndipo ulipokuja uamuzi ambao watu wengi hawauoni wanapoisimulia habari hii, kwa sababu haukuhusu klabu nyingine. Wahitimu wa elimu ya viungo wa wakati huo hawakuwa na ajira za kudumu za ualimu. Serikali ilikuwa ikiajiri walimu wa muda, mwaka hadi mwaka, kwa orodha ya alama, na aliyeanza chini alipelekwa mbali, mara nyingi visiwani. Alama ziliongezeka kwa kufundisha. Aliyekataa kituo alikosa nafasi mwaka huo wa shule. Nahodha alipangiwa kisiwa, saa nyingi kwa meli. Kukubali kulimaanisha kukosa msimu mzima. Alikataa, akapata kazi ya asubuhi katika ukumbi wa mazoezi ya viungo, na mwaka uliofuata hakuomba kabisa.

*Goti, Februari 2014.* Alitua vibaya baada ya kuwania rebaundi, yaani mpira uliokosa kikapu ukadunda, na kano ya msalaba ya mbele ya goti la kushoto ikakatika. Bima ya klabu ililipa sehemu ndogo. Wachezaji wenzake walichanga, mama yake akaongeza, kilichobaki akakilipa mwenyewe kwa awamu. Kamati ilitamani arudi msimu ulipoanza Oktoba, maana timu ilikuwa inazama. Mtaalamu wake wa mazoezi ya tiba alisema hapana, naye akamsikiliza yule mtaalamu. Alirudi Januari 2015, ikiwa imechelewa mno kuiokoa timu. Ikashuka daraja.

*Uamuzi wa tatu, Julai 2015.* Benki zilifungwa tarehe 29 Juni na mtu aliruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku. Wiki hiyohiyo mhazini alimwita ofisini, chumba cha chini ya jukwaa chenye kabati moja la chuma. Alikuwa amepata mdhamini mpya, mfanyabiashara mdogo aliyekuwa tayari kuweka pesa kwa sharti kwamba vitabu viwe safi, bila madeni ya wachezaji. Juu ya meza kulikuwa na stakabadhi iliyokwisha kuchapwa, inayosema kwamba nahodha amelipwa stahili zake zote hadi tarehe ile. Pembeni, muhuri wa klabu na kidau chake cha wino.

“Binti yangu,” mzee alimwambia, “ukisaini hii tunaishi. Usiposaini, Septemba hakuna timu ya wanawake. Chako utakipata, na watoto ni wako, tulishasema.”

Alisaini. Deni lilikuwa la karibu misimu mitatu.

*Miaka ya mwisho.* Alicheza daraja la pili misimu mitatu, timu ikapanda tena mwaka 2018. Timu ya taifa ilipong'ara mwaka 2017, yeye alikuwa na miaka 29, katika ubora wake wa kusoma mchezo, lakini akiwa katika ligi ambayo makocha wa taifa hawakuwa na sababu ya kuitazama. Machi 2020 ligi zikasimamishwa kwa sababu ya janga la korona. Mwaka 2021 wanachama walichagua kamati mpya. Mwenyekiti wa zamani alikuwa amehamia kwa mwanawe ng'ambo, na mhazini alikuwa ameshafariki. Majira ya kuchipua ya 2022 nahodha alistaafu, akaagwa kwa maua na jezi iliyowekwa kwenye fremu. Miezi miwili baadaye shule ya watoto ikakabidhiwa kwa kocha mwingine, kijana mwenye leseni nzuri, ambaye kamati mpya ilimpata kwa kutangaza nafasi. Nahodha hakujua kwamba nafasi ilitangazwa.

Matokeo

Mwaka wa kwanza baada ya kustaafu alirudi kwenye orodha ya walimu wa muda, chini kabisa akilinganishwa na wanafunzi wenzake wa chuo waliokubali visiwa miaka kumi iliyotangulia na ambao sasa wengi wao walikuwa na ajira za kudumu karibu na nyumbani. Akapata kituo mkoa mwingine. Akaenda.

Wazazi ndio waliomrudisha. Baadhi ya akina mama wa wachezaji wa sasa walikuwa wenzake wa timu ya vijana, na waliuliza kwenye mkutano wa wanachama kwa nini mtu aliyeibeba timu asiwepo. Mwaka 2023 klabu ilimpa mkataba wa maandishi wa kufundisha wasichana wa chini ya miaka 16, malipo ya kiasi, kila mwezi, kupitia benki. Malimbikizo ya zamani hayajalipwa na hayatalipwa. Stakabadhi ipo, imesainiwa na ina muhuri.

Uchambuzi

Nianze na lililofanya kazi. Kumaliza chuo ndiko kulikomwokoa. Katika mchezo usio na pensheni, shahada ile ndiyo iliyokuwa akiba yake pekee, na aliilinda kwa kukataa kuhama mwaka 2009. Uamuzi ule wa kwanza ulikuwa sahihi kwa taarifa zilizokuwepo: klabu ilikuwa inalipa, dakika alikuwa nazo, masomo yalikuwa yanakaribia mwisho. Aliyeona klabu kubwa za wanawake nchini humo zikiyumba katika miaka iliyofuata hawezi hata kusema kwamba kuhama kungemweka salama.

Goti nalo lilishughulikiwa vizuri. Wanawake wa mchezo huu hukatika kano ile mara kadhaa zaidi ya wanaume, na kurudi uwanjani kabla ya miezi tisa huongeza sana hatari ya kuumia tena. Alikaa nje karibu miezi kumi na moja huku timu ikishuka mbele ya macho yake. Kwa mtu mwenye moyo wa namna yake, nadhani huo ulikuwa uamuzi mgumu kuliko yote, na ulimpa misimu saba zaidi.

Na timu iliishi. Hili lisipite haraka. Klabu nyingi ndogo zilifuta timu zao za wanawake katika miaka ile, na mahali timu ya wakubwa ilipofutwa, wasichana wa miaka 12 nao waliacha kuja, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtazama wakasema “nitakuwa kama yule”. Ukumbi ule una wasichana leo. Hiyo ni faida halisi, na yeye ndiye aliyeilipia.

Sasa yaliyokwenda mrama. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, ni kuuchukulia uamuzi wa kubaki kama uamuzi mmoja uliofanywa mara moja. Ulikuwa uamuzi mpya kila Juni. Mwaka 2009 kubaki kulimpa dakika, posho na masomo. Mwaka 2012 kulimgharimu alama za ualimu ambazo hazirudi, na hakuna mtu, si kocha, si kamati, si yeye mwenyewe, aliyekaa na kalamu kuhesabu gharama hiyo. Mwaka 2015 kulimgharimu haki ya kudai. Moyo ulikuwa uleule, lakini kila safari bei ilikuwa nyingine. Alipoulizwa kwa nini hakuomba ualimu mwaka wa pili, jibu lake lilikuwa kwamba hakuwahi kufikiri kuna kitu cha kuamua.

La pili lilinishtua nilipokuwa nikiipanga habari hii, na ndilo ningependa manahodha walisome mara mbili. Kucheza kwake bila malipo kuligeuka fimbo ya kuwachapia wadogo. Mchezaji wa miaka 20 alipokwenda kuulizia posho yake ya Novemba, aliambiwa: nahodha hajalipwa tangu mwaka jana na hajasema neno, wewe ni nani? Wawili kati ya waliojibiwa hivyo waliacha kikapu kabisa. Nahodha hakujua hadi miaka baadaye, na anasema hilo linamuuma kuliko pesa yake. Anayekubali kutolipwa mbele ya wenzake anawapangia na wao bei, apende asipende. Angeweza kubaki, akacheza, na bado akadai kwa sauti kwa niaba ya wote. Cheo cha unahodha kilimpa mlango huo na hakuufungua, kwa kuwa aliamini kunyamaza ndiko kuipenda klabu.

Ama ile stakabadhi, sitaki kumfanya mhazini kuwa mtu mbaya. Alikuwa ameweka pesa yake ya pensheni kwenye klabu ile, na wiki ile hakuna aliyekuwa na pesa mkononi. Lakini karatasi ilisema uongo, na wote wawili walijua. Palikuwa na njia nyingine ambayo ingempa mdhamini vitabu vinavyoeleweka: stakabadhi ya kile kilicholipwa kweli, na ukurasa wa pili wenye kiasi kilichobaki, tarehe za kulipa, au hata msamaha wa nusu ya deni ulioandikwa kuwa ni msamaha. Mdhamini makini huogopa zaidi deni lililofichwa kuliko deni lenye ratiba.

Na ahadi ya shule ya watoto? Vyama vya michezo vya Ugiriki huweka daftari la kumbukumbu za vikao. Lilikuwa ndani ya kabati lilelile la chuma, mita mbili kutoka mezani. Sentensi moja katika kumbukumbu za kikao cha 2009, kwamba kamati imeazimia kumpa nafasi ya ukocha wa watoto atakapostaafu, isingemfunga mtu milele, lakini kamati mpya ya 2021 ingeikuta na ingelazimika kumwita na kuzungumza naye. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa aliyekuwa mali ni yeye mwenyewe. Kamati mpya haikumsaliti. Haikujua, basi. Watu wawili walioijua ahadi walikuwa wameondoka, mmoja kwa ndege na mmoja kwa jeneza, na yeye aliona aibu kuitaja, kana kwamba kukumbusha ahadi ni kuomba.

Kwa upande wa klabu, kushindwa kulikuwa kwa kutopanga mwisho wake. Walijua kwa miaka kumi na mitatu kwamba siku moja angestaafu. Katika misimu miwili ya mwisho angeweza kusaidia makocha wa watoto, akapata leseni, akajulikana kwa wazazi kwa kazi hiyo. Badala yake alichezeshwa dakika 30 kila mchezo hadi wiki ya mwisho, kisha wakatafuta kocha mwenye leseni na wakaona yeye hana.

Hali ilivyo sasa

Kila Septemba sasa klabu ile humpa kila mchezaji wa timu ya wakubwa karatasi moja: kiasi cha posho, tarehe za kulipwa, nani analipia matibabu akiumia na hadi kiasi gani, na masharti ya kuachiwa akitaka kuhama. Nahodha ndiye aliyeidai, akiwa mwanachama, kwenye mkutano mkuu, na nakala hubandikwa kwenye daftari la kumbukumbu. Kipengele cha matibabu ndicho kilichobaki dhaifu. Kiwango kilichoandikwa hakitoshi upasuaji wa goti, na kamati inasema haina pesa ya bima kubwa zaidi. Juni 2025, hatua ya mwisho ya mashindano ya Ulaya ya wanawake ilipochezwa Piraeus, aliwapeleka wasichana wake kutazama; waliporudi, wazazi wao waliweka sanduku la michango kwa ajili ya bima ile. Halijafika nusu.